TOA MWIBA KWANZA, NDIPO UZIBE PANCHA

Kila mwenye nyumba ni fundi kidogo. Mguu wa kigoda ukilegea, tunaupigilia msumari. Bati likivuja, tunapanda juu. Ukuta ukipasuka, tunakanda udongo. Ni jambo jema. Fedha ni chache, fundi yuko mbali, na kazi ya mikono yetu wenyewe haina aibu.

Lakini, ndugu msomaji, mara ngapi umetengeneza kitu leo, na baada ya wiki moja kimeharibika tena? Mara ngapi kimeharibika kuliko mwanzo? Umetumia fedha, umepoteza siku ya shamba, umeumia kidole, na nyumba bado inavuja. Hapo hasira inapanda. Wengine husema, "Mabati ya siku hizi ni mabovu." Wengine husema wana mkosi.

Mara nyingi si mkosi. Tumeziba palipoonekana, lakini hatukutafuta sababu. Hebu tuitazame baiskeli, maana baiskeli ni mwalimu mzuri.

Somo la baiskeli

Tairi limeisha upepo. Unatoa tyubu, unaijaza upepo, unaitumbukiza kwenye beseni la maji. Mapovu yanatoka. Hapo ndipo penye tundu. Unapaweka alama, unapakausha, unapasugua kwa msasa, unapaka gundi. Unangoja gundi ikauke kidogo, kisha unabandika kiraka na kukigandamiza vizuri. Kazi imekwisha. Unarudisha tyubu, unajaza upepo, unapanda. Hufiki hata sokoni. Pancha tena, na tena mahali pale pale!

Kwa nini? Kwa sababu mwiba bado umo ndani ya tairi. Kiraka kilikuwa kizuri. Gundi ilikuwa nzuri. Lakini mwiba hukuutoa.

Anayejua kazi hii huchukua kitambaa kikuukuu, akakipitisha polepole ndani ya tairi, kuzunguka mduara wote. Kitambaa kikinasa, hapo ndipo penye mwiba. Huutoa kwanza, ndipo arudishe tyubu. Hatumii kidole kitupu, maana mwiba haujui kidole cha fundi.

Basi, katika kila kazi ya kutengeneza kitu nyumbani, jiulize: mwiba uko wapi?

Mpini uliolowekwa

Tuchukue shoka lenye tundu, au nyundo. Mpini umelegea. Wengi hufanya nini? Hukitumbukiza chombo kwenye ndoo ya maji usiku kucha. Asubuhi mpini umekaza kabisa. Mtu anafurahi, anakwenda kupasua kuni.

Tuone kilichotokea. Mti mkavu hunywa maji na kuvimba. Lakini chuma hakipanuki kumpisha. Basi mti unajibana wenyewe ndani ya tundu, na nyuzi zake zinapondeka. Ukikauka juani, unasinyaa. Sasa unakuwa mdogo kuliko ulivyokuwa kabla ya kuloweka. Siku mbili tatu baadaye chuma kinachomoka kikiwa hewani. Nyuma yako amesimama mtoto anayeokota kuni.

Mwiba wa kazi hii ni nini? Ni mti usiokauka vizuri tangu ulipokatwa, au usiolingana na tundu. Dawa yake si maji. Kata mti mgumu, uuweke kivulini chini ya paa mpaka ukauke kwa miezi kadhaa. Usiuanike juani, utapasuka. Kisha uchonge ulingane na tundu, na upigilie kabari ya mti mgumu kwenye ncha. Kabla ya kuanza kazi, tikisa chombo. Kikicheza, usikitumie.

Bati linalovuja

Sasa twende juu ya nyumba. Katika nchi ya juu ya Mbulu, kama kule Nambis, mvua inaponyesha usiku na baridi ni kali, nyumba inayovuja si jambo dogo. Magodoro yanalowa. Mahindi yanalowa. Mahindi yaliyolowa yakipata ukungu, hayafai kuliwa na watu wala mifugo.

Tuseme kuna bwana mmoja ambaye nyumba yake inavuja juu ya kitanda. Amepanda juu na nyundo na misumari. Mkewe yuko chini.

"Mama watoto, nipe msumari mwingine."

"Baba watoto, si hapo. Maji yanaanzia kule juu, karibu na kilele cha nyumba. Yanatelemka kwenye mbao, kisha yanadondoka hapa kitandani."

"Nyumba hii nani aliipaua, wewe au mimi?"

"Wewe uliipaua, baba. Lakini usiku nani anahamisha sufuria?"

Mama huyu anasema kweli. Bati limelala kwa mteremko. Maji yakiingia kwenye tundu, mara nyingi hayadondoki hapo hapo. Hutambaa chini ya bati au hufuata mbao, yakadondokea mbali. Kwa hiyo tundu huwa juu zaidi ya mahali panapodondoka. Anayekaa na kuamka ndani ya nyumba hiyo wakati wa mvua ana habari nyingi kuliko anayepanda paa wakati wa jua. Mwulize kwanza.

Namna ya kutafuta tundu ni hii. Mvua inaponyesha, fuata unyevu kwenye mbao kutoka chini kwenda juu. Mahali unyevu unapoanzia, weka alama ya mkaa. Siku ya jua kali, funga milango na madirisha, utazame juu. Tundu litaonekana kama nyota. Pima kwa kamba kutoka ukutani mpaka penye tundu. Ukipanda juu, pima tena kwa kamba hiyo hiyo. Hutakosea.

Sasa tuzungumze juu ya msumari. Bati lina migongo iliyoinuka na mabonde yaliyobonyea. Maji hupita mabondeni. Msumari hupigwa mgongoni, wala haupigwi bondeni. Ukiupiga bondeni, umetoboa njia ya maji. Tena, usitumie msumari wa kawaida. Tumia msumari wa bati wenye kofia, pamoja na washa yake ya mpira. Usiupige kwa hasira mpaka bati libonyee. Bati likibonyea, maji hukusanyika hapo na kutu huanza.

Je, ukiona msumari wa zamani umeinuka? Mchana bati hupata joto na kutanuka. Usiku hupata baridi na kusinyaa. Kila siku linasogea kidogo, na msumari unavutwa kidogo. Kuugongomea tu hakutoshi, maana tundu la mbao limekwisha kupanuka. Ung'oe, upige mwingine mrefu zaidi au mnene zaidi.

Wapo wanaopaka lami peke yake. Bati linapotanuka na kusinyaa, lami iliyokauka hupasuka. Tundu dogo lizibwe kwa kitambaa kigumu kilicholoweshwa lami, juu ya bati lililosuguliwa kutu na kukauka. Lami ya moto huunguza nyama mpaka mfupani. Usiichemshe karibu na nyumba, wala watoto wasikaribie.

Kama bati lote limeliwa na kutu, viraka havitasaidia. Nunua bati jipya. Hapa kisomo chako kitakulinda. Tazama namba ya geji. Wengi hudhani namba kubwa ni bati nene. Kumbe sivyo! Geji 32 ni bati jembamba kuliko geji 30, na geji 30 ni jembamba kuliko geji 28. Namba ikipanda, unene unapungua. Uliza na usome kabla ya kulipa.

Jambo moja zaidi, nalo ni kubwa kuliko yote haya: usianguke. Ngazi yenye kimo cha mita 4 ukutani, miguu yake iwe mita 1 kutoka ukutani. Mtu mmoja aishike. Ukiwa juu, kanyaga kwenye mstari wa misumari, maana chini yake kuna mbao. Usipande bati likiwa na maji, wala wakati wa radi. Nyumba inayovuja inaweza kungoja mpaka kesho. Mgongo uliovunjika hautengenezwi kwa lami.

Udongo juu ya tembe

Zamani, kabla bati halijaenea, Wairaqw wa Mbulu walijenga tembe. Paa la tembe ni tambarare. Lina miti, matawi, na udongo juu yake. Nyumba nyingine zilichimbwa kwenye mteremko wa kilima, hata paa likakaribia kuwa sawa na ardhi ya nyuma. Ilikuwa nyumba ya akili: usiku ina joto, na moto haulishiki upesi.

Tembe ikivuja, watu huongeza udongo. Kwa macho ni dawa. Lakini hebu tupige hesabu. Chukua paa lenye urefu wa mita 8 na upana wa mita 5. Eneo lake ni mita za mraba 40. Ukiongeza udongo wa kimo cha sentimita 5 tu, umepandisha mita za ujazo 2. Mita moja ya ujazo wa udongo mkavu ina uzito wa kilo 1,500 hivi. Basi umeongeza kilo 3,000, sawa na magunia 30 ya mahindi ya kilo 100! Mvua ikinyesha, udongo hunywa maji na uzito unazidi tena. Mwaka ujao unaongeza mwingine. Chini yake ni miti ile ile, nayo huenda imeliwa na mchwa.

Kwa hiyo mwenye tembe asianze na udongo. Aanze na miti. Agonge kila nguzo na kila boriti kwa kijiti kigumu. Mti mzima hulia sauti kavu. Mti ulioliwa hulia kama debe tupu. Abadilishe mti mbovu kwanza. Kisha akwangue udongo wa zamani uliolegea kabla ya kuweka mpya. Watu wanalala chini ya paa hilo.

Ufa ukutani

Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Ni kweli kabisa. Lakini kuna nyufa ukiziziba bila kujua asili yake, ukuta utaujenga vile vile.

Ufa mwembamba kama unywele kwenye lipu, mara nyingi ni wa kukauka tu. Huo uzibe. Ufa unaokwenda mshazari kutoka pembe ya dirisha au mlango, au ulio mpana juu na mwembamba chini, ni habari nyingine. Huenda msingi unadidimia.

Utajuaje kama ukuta bado unasogea? Chukua ukanda wa karatasi nyembamba, uubandike kwa gundi kukatisha ufa. Andika tarehe juu yake. Ungoje miezi miwili, na hasa ungoje mvua zipite. Karatasi ikichanika, ukuta unatembea. Ikibaki nzima, ukuta umetulia. Kalamu yako imekuwa kifaa cha uashi.

Kama ukuta unatembea, mwiba uko chini, na mara nyingi ni maji. Nyumba nyingi za Mbulu zimejengwa kwenye mteremko. Mvua ikinyesha, maji hutelemka kutoka kilimani yakagonga ukuta wa nyuma. Maji ya paa nayo huangukia mguuni pa ukuta na kuchimba. Udongo wa chini unalainika, msingi unashuka, ukuta unapasuka.

Wakulima wa huku wanajua sana kukinga maji shambani ili udongo usichukuliwe. Basi maarifa hayo hayo yaletwe nyumbani. Chimba mfereji upande wa juu wa nyumba, uyageuze maji yapite pembeni. Inua udongo mguuni pa ukuta, uushindilie, uwe na mteremko wa kwenda nje. Kama unaweza, weka mfereji wa bati ukingoni mwa paa, maji yaingie kwenye pipa. Fanya hayo kwanza, kisha ziba ufa.

Hapo linakuja kosa lingine. Mtu ana ukuta wa udongo. Anaona sementi ni kitu cha maendeleo. Ananunua mfuko wa kilo 50, anapiga lipu ya sementi juu ya udongo. Mwezi wa kwanza nyumba inapendeza, majirani wanasifu. Baada ya masika, lipu inabanduka vipande vipande, na inang'oka pamoja na udongo.

Sababu yake ni hii. Udongo huvuta unyevu na kuvimba, ukikauka husinyaa. Sementi ni ngumu, haifuati. Maji yakipenya kwenye ufa mdogo wa sementi, hayatoki upesi. Yanakaa nyuma yake na kulainisha udongo. Lipu inabaki imeshika tope.

Ukuta wa udongo hupenda lipu ya udongo. Chekecha udongo, changanya na mchanga, majani makavu yaliyokatwa vipande vifupi, na samadi ya ng'ombe. Ukande, uuache siku chache. Kabla ya kupaka nyumba nzima, paka viraka vitatu vya kujaribia, kila kimoja na kiasi chake cha mchanga. Kisipopasuka kikikauka, hicho ndicho kipimo chako. Mama zetu wengi wanaijua kazi hii kuliko waashi. Waulizeni.

Umeme si mchezo

Nguzo za umeme zimefika katika vijiji vingi. Vingine vinatumia sola. Ni faida kubwa. Lakini hapa ufundi wa kubahatisha haukupi hasara tu, unaua.

Fyuzi ni nini? Ni mlinzi. Ndani yake mna waya mwembamba. Umeme ukipita kupita kiasi, waya huo huungua kwanza, na umeme unakatika kabla waya za ukutani hazijashika moto. Fyuzi ikiungua, maana yake mlinzi amepiga kelele. Sasa mtu anachukua waya mnene, au karatasi ya ng'aring'ari ya sigara, anaweka mahali pa fyuzi. Taa inawaka! Anajisifu. Kumbe amemfunga mlinzi kamba mdomoni. Safari ijayo itakayoungua si fyuzi, ni nyumba.

Hali kadhalika swichi ya usalama inayojizima yenyewe. Usiizuie kwa kijiti. Inakuambia pana mwiba: waya umechubuka, maji yameingia, au vyombo vimezidi. Umeme wa nyumbani ni volti 230. Nguvu hiyo inatosha kabisa kumwua mtu mzima, sembuse mtoto.

Kazi yako ni hii: zima swichi kuu, chomoa vyombo, ita fundi mwenye leseni. Leseni za mafundi wa kutandaza umeme hutolewa na EWURA. Mwombe akuonyeshe, uisome. Mita na waya wa kutoka kwenye nguzo ni mali ya TANESCO. Usiviguse.

Mtu akinaswa na umeme, usimshike, utanaswa na wewe. Zima swichi kuu. Kama huwezi, simama mahali pakavu, umwachanishe na waya kwa mti mkavu. Kisha mpelekeni kwenye zahanati, hata kama anasema amepona.

Kazi ipi yako, ipi ya fundi?

Kujua mpaka wako ndio mwanzo wa ufundi. Kabla hujashika nyundo, jiulize maswali haya manne:

1. Kitu hiki kimeharibika kwa sababu gani? Kama hujui, usianze.

2. Nikikosea, nitapoteza nini? Kikiwa ni kigoda, jaribu. Kikiwa ni maisha ya mtu, ita fundi.

3. Nina kifaa kinachofaa? Kisu si bisibisi, wala jiwe si nyundo.

4. Nani mwingine nyumbani anajua habari za kitu hiki?

Kumwita fundi si aibu. Lakini fundi akija, usikae kivulini. Simama naye, umwulize kwa nini, utazame mikono yake. Siku nyingine utaifanya mwenyewe. Vijana nao wapelekwe kujifunza uashi na useremala kwenye vyuo vya VETA, au Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vilivyoanza mwaka 1975. Kijiji chenye fundi wake hakingoji fundi wa mjini.

Tena weka daftari la nyumba. Andika tarehe, kilichoharibika, sababu uliyoiona, ulichofanya, na gharama. Bati likivuja mahali pale pale mara ya pili, daftari litakuambia: mwiba bado umo.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini mpini uliolowekwa maji hulegea zaidi baadaye?

2. Paa la tembe lina urefu wa mita 10 na upana wa mita 4. Ukiongeza udongo mkavu wa sentimita 5, umeongeza kilo ngapi?

3. Maji ya mvua nyumbani kwako hupita wapi? Nenda nje ukatazame, kisha uwaeleze wenzako.

4. Ni kitu gani nyumbani kwako kimetengenezwa zaidi ya mara mbili? Mwiba wake uko wapi?